Hotuba ya mgombea imekwisha Marekani wewe umelala: asubuhi umsikilize nani?

Saa 11:30 alfajiri ya Ijumaa, adhana ndiyo kwanza imekwisha na daladala za mwanzo zinawasha injini. Huko Milwaukee ni saa 3:30 usiku wa Alhamisi, tarehe 18 Julai 2024, na Donald Trump anapanda jukwaani kukubali uteuzi wa chama cha Republican. Aliyetaka kuiona mubashara kutoka Dar es Salaam alipaswa kuamka saa hiyo. Na kwa kuwa mzee alizungumza dakika 92, hotuba ndefu kuliko zote za aina hiyo zilizowahi kurushwa na televisheni, angemaliza saa 1 asubuhi imeshapita na foleni ya barabarani inamsubiri.

Mimi sikuamka. Nilikuta maoni. Kwenye kundi la ukoo la WhatsApp, binamu yangu aishiye Marekani kaandika kwamba tangu azaliwe hajasikia hotuba kama ile. Dakika nne mbele, shemeji, naye yuko hukohuko, kaandika kwamba mzee kachoka na ukumbi ulikuwa unasinzia. Hotuba ni moja. Ungedhani mmoja wao alikuwa anatazama mechi.

Ulinganisho huu ni wa mtu aliyekwama hapo. Ana simu mkononi, ana vyanzo vitano vinavyomvuta shati, na hana asubuhi nzima. Vyanzo vyenyewe ni makada wa mgombea, makada wa upande wa pili, wahakiki wa taarifa, tafiti za maoni, na hotuba yenyewe neno kwa neno. Mifano nitaitoa zaidi kwenye hotuba mbili za mwaka 2024: ile ya Trump, na ya Kamala Harris wa chama cha Democratic aliyoitoa Chicago tarehe 22 Agosti. Zimepishana kwa wiki tano tu, kila chama kina yake, na mwisho wa mbio tunaujua: tarehe 5 Novemba Trump alipata kura 312 za wajumbe wa majimbo, ambao ndio humchagua rais, Harris 226.

Vigezo

Kila chanzo nimekiuliza maswali yaleyale. Kinaniambia nini kuhusu kilichotamkwa? Kinaniambia nini kuhusu mchuano unakoelekea? Kinachechemea mguu gani, maana hakuna kisichochechemea? Na kinakula muda kiasi gani, kikimfaa nani?

Kigezo cha kutokuwa na upande nimekiacha makusudi. Ningekiweka, vyanzo viwili vya kwanza vingeondolewa kabla filimbi haijapulizwa, na hiyo ingekuwa hasara. Shabiki wa Yanga hawezi kukusimulia vizuri bao la Simba, lakini ukimwangalia usoni unajua kama lilimuuma.

1. Makada wa mgombea mwenyewe

*Kilichotamkwa.* Hapa utapata kidogo, tena kilichochujwa. Baada ya Milwaukee, wafuasi wa Trump walizungumzia mwanzo wa hotuba, na walikuwa na sababu. Siku tano kabla alikuwa amepigwa risasi sikioni mjini Butler, Pennsylvania. Alipanda jukwaani na bandeji, akasimulia tukio lile kwa sauti ya chini, akaibusu kofia ya mzimamoto aliyeuawa siku ileile. Wajumbe ukumbini walikuwa wamebandika vipande vyeupe masikioni mwao. Alisema anagombea awe rais wa Marekani yote, si nusu yake. Ukiwasikiliza wafuasi wake peke yao, ungeamini hotuba iliishia hapo. Saa nzima iliyofuata, yenye "Nancy Pelosi mwendawazimu" na hata jina la Hannibal Lecter, yule mla watu wa kwenye sinema, hawakuigusa.

*Mchuano.* Hapa ndipo wana thamani. Mstari ambao makada wanaurudia asubuhi ndio utakaobandikwa kwenye matangazo kwa miezi mitatu. Hawatoi hukumu, wanatekeleza ratiba. Wa Harris walirudia kauli yake kwamba Trump si mtu makini ila madhara ya kumrudisha Ikulu ni makubwa, na walirudia habari za mama yake aliyetoka India akiwa na miaka 19. Kwa hiyo ulijua mapema kampeni ile ingeuza vitu viwili: hofu ya Trump, na wasifu wa mtoto wa mhamiaji.

*Mguu unaochechemea.* Makofi. Ukumbi wa mkutano mkuu umejaa watu waliochaguliwa kwa sababu wanapiga makofi. Mwaka 1964 Barry Goldwater, mgombea wa Republican, aliwaambia wajumbe pale Cow Palace, San Francisco, kwamba msimamo mkali katika kutetea uhuru si dhambi. Ukumbi ulilipuka. Novemba alipoteza majimbo 44.

Kuna namna moja ya kuwasikiliza makada ikakulipa, nayo ni kutafuta palipo na kigugumizi. Chicago ilikuwa nacho. Wajumbe wa kundi lililojiita "Uncommitted", Wademokrat waliokasirishwa na vita vya Gaza, waliomba Mmarekani mmoja mwenye asili ya Palestina apewe dakika chache jukwaani. Wakanyimwa, wakakaa chini nje ya United Center wakalala palepale. Harris katika hotuba yake alisema Israel ina haki ya kujilinda, akaongeza kwamba Wapalestina wapate utu, usalama, uhuru na haki ya kujiamulia. Waliokuwa ndani walisimama kushangilia, waliokuwa nje hawakushawishika. Novemba ilipofika, Dearborn, mji wa Michigan wenye Waarabu wengi ambao ni wapigakura wa jadi wa Wademokrat, Trump ndiye aliyeongoza. Ishara ile ilikuwa wazi tangu Agosti, ila uliiona tu kama ulikuwa unawasikiliza makada wanaolalamika.

*Muda na mhusika.* Dakika tano zinatosha. Kinamfaa anayetaka kujua kampeni itapigia ngoma gani, na asiyetamani kupotea kwenye mabishano ya jioni.

2. Makada wa upande wa pili

*Kilichotamkwa.* Hawa nao huchuja, ila kwa kichujio kingine. Kinachobaki mara nyingi ni kile ambacho wafuasi wamekificha. Waliokuambia kwamba hotuba ya Milwaukee ilikwenda dakika 92 na kupoteza uzi katikati walikuwa Wademokrat, na kwa hilo hawakusema uongo.

*Mchuano.* Kushambuliwa kwa jambo fulani kuna maana, na kuachwa kushambuliwa kuna maana zaidi. Harris akiwa bado anazungumza, Trump alikuwa anaandika mfululizo kwenye mtandao wake wa Truth Social. Aliuliza Hunter yuko wapi (mwana wa Joe Biden, rais wa wakati huo, ambaye hakuwa anagombea chochote), kisha akapiga simu Fox News, na watazamaji wakasikia vitufe vya simu yake vikilia katikati ya mahojiano. Ungeweza kucheka ukazima televisheni. Lakini katika vurugu ile kulikuwa na hoja moja iliyokuwa imenyooka: huyu mama amekuwa makamu wa rais miaka mitatu na nusu, haya anayoahidi mbona hakuyafanya? Hoja hiyo haikupoa hadi siku ya kupiga kura, na wakati wote huo Harris hakuipatia jibu lililoizima.

*Mguu unaochechemea.* Wapinzani hujifariji. Baada ya Milwaukee, David Axelrod, aliyekuwa mshauri wa Obama, alisema kwenye televisheni kwamba hili ndilo jambo jema la kwanza kuwapata Wademokrat kwa wiki tatu. Tangu Biden, mgombea wao wa wakati huo, aboronge mdahalo wa Juni dhidi ya Trump walikuwa kwenye msiba, hivyo kitulizo kilieleweka. Ila siku tatu baadaye, tarehe 21 Julai, Biden alijitoa kwenye mbio baada ya kusukumwa na watu wa chama chake mwenyewe. Kwa maneno walikuwa wamefarijika, kwa vitendo walikuwa wanabadilisha farasi.

Ndiyo maana kwa wapinzani mimi huangalia zaidi mikono kuliko midomo. Mwaka 2008 Barack Obama alihutubia Denver, kwenye uwanja wa mpira, mbele ya watu wapatao 84,000. Upande wa John McCain, mpinzani wake wa Republican, ulikuwa umeshaanza kuzikejeli nguzo za jukwaani kwamba ni hekalu la Kigiriki. Usiku wenyewe McCain akarusha tangazo la kumpongeza Obama kwa heshima zote, na kesho yake, kabla magazeti hayajapoa, akamtangaza Sarah Palin kuwa mgombea mwenza. Habari ya Denver ikafunikwa. Mwaka 2024 mchezo ulijirudia: siku moja baada ya Harris kushuka jukwaani, Robert F. Kennedy Jr., mgombea binafsi, alisimamisha kampeni yake na kumuunga mkono Trump.

*Muda na mhusika.* Saa 24, kwa sababu jibu la kweli huja kesho yake. Kinamfaa anayefuatilia mbinu za siasa, na mwandishi wa habari anayetaka kujua ajenda ya wiki ijayo. Anayetaka kujua mgombea aliahidi nini asianzie hapa, maana atalishwa makapi.

3. Wahakiki wa taarifa

*Kilichotamkwa.* Hapa wako vizuri. Taasisi kama PolitiFact na FactCheck.org huchukua dai mojamoja, zikalipima kwa takwimu za serikali na rekodi. Trump alisema vyakula vimepanda bei kwa asilimia 57 chini ya Biden. Takwimu rasmi za bei zilionyesha takriban asilimia 21 tangu Januari 2021. Harris alisema ushuru ambao Trump alikuwa anautaka kwa bidhaa za nje ungeiongezea familia ya kipato cha kati gharama ya karibu dola 4,000 kwa mwaka. Hiyo ilitoka kwenye makadirio ya juu, na wachumi wengine walikuwa na namba za chini zaidi. Wahakiki walihesabu madai ya uongo mengi zaidi kwa Trump, jambo ambalo urefu wa hotuba ulilichangia, ingawa urefu peke yake haulielezi.

*Mchuano.* Karibu hakuna kitu. Na hapa nitachelewa kidogo, kwa sababu ndipo wasomaji wengi waadilifu wanapojikwaa. Chukua ile asilimia 57. Ni uongo. Lakini mama anayenunua mayai Pennsylvania hakuwa anapima asilimia. Alikuwa anakumbuka bei ya zamani. Asilimia 21 ya kweli ilikuwa bado inamkaba. Mhakiki alipoandika "si kweli" na kuishia hapo, alikuwa sahihi kuhusu namba na hakumfikia mama yule hata kidogo. Mgombea aliyekosea hesabu alikuwa amegusa kidonda chenyewe.

*Mguu unaochechemea.* Wanaweza kupima tu kinachopimika. Ahadi, vitisho, matusi, machozi, vyote vinapita kwenye chekeche lao. Hotuba isiyo na namba hata moja itatoka safi, hata kama haina kitu.

*Muda na mhusika.* Dakika kumi na tano. Kwa mwanafunzi, mwalimu wa uraia, na yeyote anayetaka kusambaza takwimu kwa watu wengine, hiki ndicho cha kuanzia. Kwa anayetaka kubashiri mshindi hakina msaada.

4. Tafiti za maoni na vikundi vya wasioamua

*Kilichotamkwa.* Hakuna.

*Mchuano.* Ndiyo kazi yao, lakini dakika ya kwanza baada ya hotuba wanachopima ni kingine. Wanaokesha kutazama mkutano wa chama ni watu wa chama hicho kwa sehemu kubwa. Ukiwauliza usiku uleule, ni sawa na kupima njaa mlangoni mwa ukumbi wa harusi watu wakitoka. Vile vikundi vya wapigakura kumi na kitu wanaoketishwa na televisheni vina ladha ya mazungumzo, havina uzito wa takwimu.

*Mguu unaochechemea.* Ule mruko wa namba za mgombea unaofuata mkutano mkuu wa chama chake. Mwaka 1988, baada ya mkutano wa Atlanta, utafiti wa Gallup ulimweka Michael Dukakis wa Democratic mbele ya George H. W. Bush wa Republican kwa pointi 17. Novemba Dukakis alipoteza majimbo 40. Mwaka 1992 Bill Clinton aliruka kwa nguvu sana baada ya hotuba yake ya New York, lakini siku ileile, 16 Julai, Ross Perot, mgombea binafsi, alikuwa amejitoa. Nani awezaye kusema kipi kilileta kipi? Na 2024 mambo yalirundikana: risasi tarehe 13 Julai, Milwaukee tarehe 18, Biden kujitoa tarehe 21. Hakuna mtafiti aliyeweza kuitenga hotuba pale.

*Muda na mhusika.* Kusoma ni dakika mbili, kusubiri ni wiki mbili. Kinamfaa mvumilivu.

Halafu wapo wanaotumia idadi ya watazamaji kama kura. Nielsen, kampuni inayopima watazamaji wa televisheni, ilihesabu usiku wa mwisho wa Milwaukee takriban milioni 25, wa Chicago milioni 26. Trump, anayezipenda sana hesabu za watazamaji, alishindwa kwenye hizo akashinda kwenye zile za Novemba.

5. Hotuba yenyewe

*Kilichotamkwa.* Chote, kwa sharti moja. Nakala zipo aina mbili: ile inayogawiwa kwa waandishi kabla, na ile inayoandikwa kutokana na kilichosikika. Kwa Harris tofauti ni ndogo. Kwa Trump, aliyekuwa akitoka nje ya maandishi kila baada ya muda, ukisoma ya kwanza umesoma hotuba nyingine kabisa. Hakikisha unashika ya pili.

*Mchuano.* Kwa siku hiyo haikuambii mengi. Kwa miaka inayofuata inakuambia kuliko vyanzo vingine vyote vinne. Agosti 1988, New Orleans, Bush aliwaambia wajumbe wasome midomo yake: hakuna kodi mpya. Usiku ule ulikuwa mstari wa kushangilia tu. Mwaka 1990 akakubali bajeti iliyopandisha kodi, na 1992 sentensi ile ikageuzwa fimbo, akachapwa nayo kwanza na Pat Buchanan ndani ya chama chake, kisha na Clinton. Ukitaka kujua rais atakuja kubanwa na nini, tafuta ahadi fupi isiyo na kona ya kutorokea.

*Mguu unaochechemea.* Maandishi hayana sauti. Ukisoma Milwaukee hutausikia ule ukimya wa dakika za mwanzo. Na lugha ni kikwazo kwa baadhi yetu. Muhtasari wa Kiswahili wa redio za kimataifa unasaidia, lakini muhtasari ni uchaguzi wa mtu mwingine, hivyo umerudi kulekule.

*Muda na mhusika.* Harris hakufika dakika 40. Nakala yake utaimaliza kabla chai haijapoa. Ya Trump itakuhitaji chupa nzima ya chai. Kinamfaa mpigakura, mwenye biashara ya nje anayetaka kujua kilichosemwa kuhusu ushuru, na mtu yeyote ambaye atakuja kuulizwa "ulisoma wapi?"

Kulingana na hali yako

Una dakika kumi kabla ya kuingia kazini: chukua kada mmoja kutoka kila upande, tena wale wanaojulikana kwa misimamo mikali. Usitafute mwenye haki. Tazama wamekutana wapi hata kwa bahati mbaya. Baada ya Milwaukee walikutana kwenye hoja kwamba mwanzo uligusa na mwisho uliburuta, na hilo lilikuwa kweli.

Umehamia Marekani, una uraia na kadi ya kupigia kura: soma nakala ya wagombea wote wawili, kisha wahakiki. Makada waache kwa ajili ya maongezi ya barazani.

Unaandika au unafundisha: anza na wahakiki, malizia na hotuba, na wiki mbili baadaye rudi kwenye tafiti. Usichapishe chochote chenye neno "mruko" kabla ya hapo.

Una jamaa anayeomba hifadhi au anayesubiri viza: ruka maoni yote, tafuta sehemu za uhamiaji kwenye nakala, zisome mara mbili, kisha zungumza na mwanasheria, si na kundi la WhatsApp.

Umefungwa kwenye mabishano ya kifamilia, kama mimi Ijumaa ile: kila mmoja muulize sehemu ambayo mgombea wake alimchosha, au mgombea asiyempenda alimgusa. Binamu alikaa kimya hadi jioni, akaandika kwamba ile saa ya mwisho, kwa kweli, ilikuwa ndefu. Shemeji alisoma ujumbe wangu. Zile tiki mbili za bluu niliziona. Hajajibu hadi leo.